Kinywa Kisichomeza

Siku ya kwanza nilikuta meza,
kiti chenye mguu mmoja wa kuazima,
kitabu cha stakabadhi kilichoishia namba mia mbili na saba,
na boksi la chuma lisilo na kufuli.
Kufuli lilikwenda na Ambakisye.

Alikula, watu walisema, wakaishia hapo.
Matema nzima ilijua alikula nini:
maboya kumi na mawili,
petroli ya miezi minne,
mshahara wa mlinzi, mifupa na yote,
akashushia kwa pikipiki nyekundu
ambayo sasa inabeba mchele wa watu kule Ipinda.

Nikapewa kiti chake.

Kiingilio: Mtanzania elfu tatu,
mgeni wa nje elfu kumi na tano,
mtoto wa mgongoni bure.
Ni kwa ajili ya miamba, ubao unasema,
ile iliyozama njiani kwenda Ikombe,
wanakozalia samaki wadogo wenye rangi za kitenge,
na zamani nyavu za macho madogo
zilipita pale kama fagio.

Mimi sijui kuogelea.
Nauza nisichokiona.

Jumamosi moja, soko la Lyulilo limefurika vyungu,
kijana wa Mbeya mjini alinitolea macho:
"Maji ya Mungu, dada, mnayakatia tiketi?"
Nikamwambia maji ni bure, chota unywe.
Unamlipia Nsajigwa asilale.
Unalilipia boya lile la njano
linaloiambia nanga: si hapa.
Akacheka, akalipa, akadai chenji.
Sikuwa nayo. Akangoja saa nzima.
Nilimheshimu kwa kungoja.

Bibi Tusekile, mfinyanzi tangu barabara haijafika,
alisimama mkutanoni, udongo ungali kwenye kucha:
"Chungu nakigonga. Kikilia vizuri, nauza.
Hili boksi lenu, nani analigonga?"
Mwenyekiti alikohoa,
akafungua ajenda ya choo cha shule.

Tangu hapo kila Ijumaa nampelekea.
Hajui kusoma, anahesabu kwa kokoto.
Kokoto zake na kitabu changu vikipishana
huwa nimekosea mimi.

Machi, mvua. Kwetu hainyeshi, inamwaga.
Siku kumi na moja hakuna mgeni,
hata wale wa kuuliza njia.
Siku ya kumi na mbili jua likachungulia,
ziwa likatulia kama limekemewa.
Nsajigwa akanipa miwani ya kuzamia:
"Shika ubavu wa mtumbwi. Ingiza uso tu,
roho ibaki nje."

Nilirudi mezani kwanza.
Nikaandika: 611, Mtanzania, mmoja, elfu tatu.
Nikaichana, nikajikabidhi.

Chini, jiwe kubwa kama nyumba ya mchungaji,
na kando ya jiwe jike mmoja, buluu iliyofifia,
mashavu yamevimba kama ya mtu anayeficha neno.
Nsajigwa alishanieleza: kabeba wanawe mdomoni.
Wiki tatu hali kitu.
Njaa anayo, nyama laini iko juu ya ulimi,
na hamezi.

Akafungua.
Wakatoka, punje za ulezi zenye macho,
wakachezacheza mbele ya uso wa mama yao.
Kivuli changu kikapita.
Wakarudi ndani wote, kwa mkupuo,
akafunga.

Nilikunywa ziwa kwa kusahau kupumua.

Jioni, boksi lilikuwa na noti zangu tu,
zimelowa, zimenuka maji.
Nyumbani mafuta ya kula yamekwisha,
nauli ya mwanangu kurudi shule Tukuyu
imepungukiwa elfu tatu kamili.
Nilizitazama. Zilinitazama.
Mate yalijaa, siwezi kukudanganya.

Nikafunga.
Kesho Ijumaa. Bibi ana kokoto zake.